Wiki Niliyoupinda Mgongo

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeacha kazi. Mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Naandika haya kwa mkono thabiti. Mwandiko unatetemeka kidogo, lakini hiyo ni kalamu mbovu.

Ilikuwa hivi. Duka letu ni la magodoro. Mbele duka, nyuma karakana ya kukatia sponji na kushonea vitambaa. Bosi wetu tunamwita Mama Sponji, na yeye huliitikia jina hilo siku akiwa na furaha. Mimi ndiye mlalaji. Kazi hiyo haipo kwenye maduka mengine, niliianzisha mimi. Mteja akisitasita, navua viatu, najilaza juu ya godoro, nafumba macho, namweleza raha ninayoisikia. Ananunua! Nimewahi kumuuzia godoro mlinzi wa usiku, mtu asiyelala. Nimewahi kumuuzia bwana mmoja asiye na nyumba, akaenda kujenga nyumba kwa ajili ya godoro. Siongezi chumvi. Nyumba yenyewe ina ghorofa.

Asubuhi wakaja mume na mke, wanataka la inchi nane. Nikajilaza. Nikafumba macho. Nikaanza kueleza. Nilipofumbua, mume na mke hawapo, jua limeshahamia upande wa pili wa duka, na watu wamenizunguka wanavunjika mbavu. Eti nilikoroma. Eti yule mke alimwambia mumewe watoke, mikoromo ya nyumbani inamtosha.

Nikamweleza Mama Sponji kwamba hakuna ushahidi wa godoro zuri kuzidi huo. Hakutaka kuelewa. Akasema kuanzia leo atakayelala ni shemeji, mimi nikabebe mizigo stoo.

Shemeji! Kaka wa mke wangu, fundi wa kushona vitambaa vya magodoro, ambaye kazi pale nilimwombea mimi! Mtu anayelala kama ubao!

Damu ikachemka. Nikasema basi, naacha kazi! Kisha nikangoja kuzuiwa. Maisha yangu yote nimeona mtu akisema anaondoka, wenzake humshika mkono, humwambia Mjomba tulia, Mjomba kaa unywe maji. (Pale kila mtu ananiita Mjomba, hata walionizidi umri.) Hakuna aliyenishika mkono. Shemeji akaniletea karatasi na kalamu. Akanivutia na kiti. Akanisaidia na herufi za neno "taadhima", ambalo nalijua sana, ila nilikuwa na hasira.

Karani akaipokea barua, akaigonga muhuri. Mkataba wangu unasema notisi ya siku saba. Nifanye kazi siku hizo, ndipo nilipwe haki zangu niende. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kabla siku hizo hazijaisha, mtu anaweza kuja kuichukua barua yake, na hakuna atakayemsema.

Nikacheka kwa dharau. Nikaenda stoo. Nikakaa juu ya marobota ya sponji, gizani, peke yangu. Nimefanya nini?

Nyumbani nilipanga kulisema taratibu. Mke wangu alikuwa anajua tayari. Shemeji alipita kabla yangu.

Jumanne, 10 Juni

Usingizi haba. Godoro letu la nyumbani limekwisha kabisa, ukilala unazihesabu mbao za kitanda kwa mbavu zako. Miaka yote hii nauza raha, mwenyewe nalalia karatasi. Mke wangu alikuwa macho pia. Akaniuliza, bila kugeuka, nimepata wapi kazi nyingine. Nikamwambia nafasi ni tele, watu wananigombania. Akauliza watu gani. Nikakoroma. Safari hii kwa makusudi.

Kazini watu watatu waliingia dukani wakauliza yuko wapi yule mzee wa kulala. Niliwasikia kutoka stoo. Nusura nitoke. Lakini nikitoka bila kuitwa, shemeji atasema nimejirudisha mwenyewe kama mbuzi jioni. Hapana. Mama Sponji lazima aniombe. Aniombe kidogo tu, hata kwa jicho. Nitaipasua ile barua kabla hajamaliza sentensi.

Wakati nangoja kuombwa, nikaona si vibaya kujua haki zangu. Nikaenda kwa karani. Akanisomea: siku nilizofanya kazi mwezi huu, likizo nisizochukua, na kiinua mgongo.

Hapo masikio yakasimama. Kiinua mgongo! Nikauliza ni kiasi gani. Akasema inategemea na... Mama Sponji akamwita kutoka karakana. Akaondoka na jibu mdomoni.

Lakini mimi si mtu wa kungoja kumaliziwa sentensi. Darasa la sita nililirudia kwa hiari yangu, kwa kupenda tu kusoma, na Kiswahili kikaniingia vilivyo. Kiswahili hakidanganyi. Kifuniko hufunika. Kizibo huziba. Kiinua mgongo huinua mgongo. Sasa mgongo ulionyooka kitauinua uende wapi? Darini? Ni wazi kabisa: kadiri mgongo ulivyoinama, ndivyo inavyotakiwa nguvu nyingi ya kuuinua, na nguvu hiyo ndiyo inayolipwa taslimu. Mgongo wangu mimi umenyooka kama mlingoti wa bendera. Kwa mgongo huu nitapewa hela ya chai.

Nina siku chache za kuupinda.

Mpango wangu una miguu miwili. Wakiniomba, nabaki. Wasiponiomba, naondoka na mfuko mzito. Hakuna pa kuangukia.

Jumatano, 11 Juni

Nilianza mazoezi alfajiri mbele ya kioo cha kabati. Nina viwango vitatu. Cha kwanza: mtu anayetafuta sindano. Cha pili: mtu anayepita mlango mfupi. Cha tatu: mtu aliyesalimiana na ardhi. Nikachagua cha pili kwa kuanzia, nisije nikawashtua.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa kwetu akisomea uuguzi, akatokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Mjomba, umeangusha nini?" Nikamwambia ni maumivu ya kikazi. Akataka kunipima. Nikamwambia amalize kwanza kupiga mswaki.

Kazini niliingia taratibu, mkono kiunoni, mguu mmoja nikiuburura. Kazi nzito sana, kupinda! Watu hawajui. Unaona viatu tu kutwa nzima. Nimegundua karani ana soksi nzuri.

Leo ndiyo shemeji alilala kwa mara ya kwanza. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango wa stoo. Alikataa kuvua viatu, akatandikiwa gazeti miguuni. Akalala chali, mikono ubavuni, macho wazi, midomo imekaza. Mteja, mama mmoja mtu mzima, akarudi nyuma hatua mbili akamwuliza Mama Sponji kama huyu ndugu amelazwa hapa kwa muda au wanangoja jamaa zake. Ah, nilicheka! Nilicheka mpaka nikanyooka bila kujua. Bahati hakuna aliyeniona.

Mama Sponji akaja stoo baadaye. Akasimama mlangoni, akakuna kichwa chini ya mtandio. Akauliza, "Mjomba, bado una hasira?" Nikaona hii sasa, anakuja! Nikaguna ili anibembeleze zaidi. Kisha akauona mgongo. Akauliza vipi. Nikasema ni robota tu la jana, si kitu, nimezoea kuumia kimyakimya. Akatoka bila kusema alichojia.

Nilitaka kumwita arudi. Nikahesabu marobota badala yake.

Alhamisi, 12 Juni

Juu ya mlango wa duka letu pameandikwa kwa rangi nyekundu: LALA HAPA, AMKA UMENYOOKA. Maneno ni yangu mimi. Mama Sponji alitaka "Magodoro Bora". Nikamwambia hayo hata bubu angeyaandika.

Leo nilitumwa kutoa robota la sponji mbele, nikapita chini ya maandishi hayo nikiwa kiwango cha pili na nusu. Bwana mmoja aliyekuwa anabonyezabonyeza godoro akaniangalia. Akaangalia maandishi. Akaniangalia tena. Akamuuliza karani kwa adabu kabisa kama mimi nalalia magodoro ya hapa. Karani akasema ndiyo, huyu ni wetu wa siku nyingi. Bwana akaaga. Baada yake wakaaga wengine wawili. Mmoja alimshika mtoto wake mkono, akampitisha mbali nami.

Sikufurahi. Naandika ukweli humu ndani, kwani nani atasoma? Sikufurahi hata kidogo. Nimewavuta watu kuingia katika mlango ule kwa maneno yangu tangu rangi yake ilipokuwa mbichi. Leo nimewafukuza kwa mgongo.

Mchana Mama Sponji alikuja stoo amebeba kiti. Mwenyewe. Kiti cha ofisini kwake, chenye mto. Akanikalisha, akasema nisibebe tena kitu chochote. Kisha akakaa juu ya robota akaanza kukumbuka godoro la kwanza tulilouza. Mvua ilinyesha, gari hatuna, mteja anangoja, nami nikalibeba kichwani mpaka kwake, nimelifunika kwa shati langu, nikarudi kifua wazi nikipiga chafya.

Hadithi hiyo mimi huisimulia kila mwezi. Kwangu ina radi tatu, mto uliofurika, na mbwa mwitu. Yeye aliisimulia na mvua tu. Ilikuwa nzuri zaidi. Sijui kwa nini ilikuwa nzuri zaidi.

Akaniuliza kama siku ile ndiyo niliyoanza kuumia. Nikasema huenda. Mungu wangu! Ulimi huu ungekuwa na mlango ningeufungia.

Jioni mpwa wangu akanikalisha kwenye kigoda, akanipapasa uti wa mgongo pingili baada ya pingili. Akasema jambo la ajabu ni kwamba jana nilipindia kushoto, leo nimepindia kulia. Nikamwambia maumivu yangu hayakai pahala pamoja, ni kama mimi nilivyokuwa ujanani. Hakucheka. Akasema, "Mjomba, si uende tu ukachukue barua yako?" Watoto wa siku hizi wanaona kila kitu ni rahisi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimeamka mgongo unauma kweli! Kweli kabisa, bila mchezo. Siku mbili tu za kupinda, na umeshaanza kuzoea. Nikaogopa. Nikajinyoosha kwa siri nyuma ya choo cha karakana, nikasikia pingili zikilia kama vijiti vikavu.

Nilikuwa katikati ya kujinyoosha shemeji akatokea. Nikarudi kiwango cha pili haraka sana. Nadhani hakuona. Au aliona, maana alinitazama kwa muda.

Akaniambia, "Shem, kachukue barua yako." Hivyo hivyo, bila salamu. Akasema yeye hawezi kulala mbele za watu. Anaona haya. Soksi yake imetoboka kidole, ndiyo sababu havui viatu. Akifumba macho anahisi watu wanamcheka, akiyafumbua anahisi wanamhurumia. Tangu Jumatano hajauza hata mto. Anataka cherehani yake, basi. Akasema amezungumza na Mama Sponji, na Mama Sponji anangoja neno langu moja tu.

Kwa dakika nzima moyo wangu ulikuwa umeshafika ofisini, miguu tu ndiyo imebaki. Nikamwona shemeji kama malaika mwenye sindano mdomoni.

Halafu nikafikiri. Na hapo ndipo ninapoharibikiwaga. Kwa nini leo? Kwa nini mtu aliyeniletea kalamu Jumatatu aje na huruma Ijumaa? Jibu: wameona mgongo ulipofika! Wamepiga hesabu ya kiinua mgongo, wakashtuka, sasa wanataka nirudi kazini kabla sijalipwa. Wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Nikamjibu shemeji kwamba mimi si wa kuchezewa, na kwamba nitalizungumza jambo hilo mwenyewe, kwa wakati wangu, na wakubwa.

Akaniambia, "Wakubwa gani, shem? Ni mama tu." Akarudi kwenye cherehani yake.

Nitanena. Lazima. Nitapokea kwanza, kisha nitanena.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mama Sponji aliniita ofisini kabla ya saa sita. Karani yupo, bahasha ipo juu ya meza. Nikaingia kiwango cha tatu, naona viatu tu. Viatu vya Mama Sponji vilikuwa havitulii.

Akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, kwamba alikuwa ameshaamua kunirudishia barua. Wateja wananiulizia. Shemeji amemwomba. Yeye mwenyewe duka linampwaya. Alitaka aipasue mbele yangu, tucheke, yaishe. "Lakini mgongo huu, Mjomba," akasema. "Nimekupeleka stoo kwa hasira zangu, na nimekuvunja. Nikulaze tena mbele za watu na mgongo huu, nitalalaje mimi?" Basi ananisamehe siku zilizobaki za notisi, na atazilipa kama nimezifanya. Niende nikajitibu. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Hapa nataka kueleza vizuri, kwa sababu tangu mchana sifikirii jambo jingine. Ningeweza kunyooka. Pale pale. Niseme mama nisamehe, mimi ni mjinga, mgongo mzima huu hapa. Nilianza hata kunyooka, pingili ya kwanza ilishakaa sawa. Lakini karani alikuwa ameisogeza bahasha, na kalamu juu yake. Nikajiambia: Mjomba, saini kwanza. Weka mfukoni. Halafu unyooke, na kitakuwa kichekesho, na watacheka, na barua itapasuliwa, na utakuwa umepata miguu yote miwili ya mpango.

Nikasaini. Nikaweka mfukoni. Nikanyooka wima, mikono juu, nikasema: "Mama! Kimeinua!"

Hakuna aliyecheka. Kule karakana cherehani ilikuwa inalia, nayo ikanyamaza.

Mama Sponji alinitazama toka miguuni hadi kichwani, kama anayepima kitambaa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumatano. Akasema, "Na mimi nikakubebea kiti." Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! Akazunguka meza, akatoka, akafunga mlango taratibu kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Nikaitoa bahasha nikairudisha mezani. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nimerudisha kitu. Karani akaisukuma kwangu. Akasema chukua, Mjomba, ni haki yako, kiinua mgongo huhesabiwa kwa miaka uliyofanya kazi.

Nikamwuliza, na mgongo?

Akaniuliza, mgongo gani?

Hesabu yenyewe aliifanya Jumatatu ile ile nilipotia saini barua. Haikuongezeka hata senti. Ningesimama wima wiki nzima kama askari wa gwaride, ningepata ile ile. Mwenye miaka yake hupata ya miaka yake. Basi! Hilo ndilo neno alilokuwa nalo mdomoni Jumanne.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Nimenyooka kabisa. Sijawahi kujisikia mfupi namna ile.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji amekuja amebeba godoro kichwani. Jipya! La inchi nane, sponji ngumu, kitambaa cha maua ya buluu. Nikafikiri nimesamehewa, nikakimbia kumpokea. Akasema hapana. Mama Sponji aliagiza Alhamisi likatwe godoro maalumu la kunyoosha mgongo wangu. Shemeji alilishona Alhamisi hiyo usiku. Jana alimwuliza afanye nalo nini sasa. Mama Sponji akamjibu kwamba limeshapimwa kwa ajili ya mtu fulani, apelekewe.

Nikamwuliza alisemaje hasa. Kwa hasira? Kwa kucheka? Shemeji akafikiri. Akasema alisema kama mtu anayesoma risiti.

Alikataa chai. Mlangoni akageuka, akaniambia kwamba Ijumaa aliniona nyuma ya choo nikijinyoosha. Alikaa kimya kwa sababu alijua nitayamaliza mwenyewe siku ileile. "Nilikupa nafasi, shem," akasema. Na mimi nilidhani ni yeye aliyekuwa na njama.

Usiku huu nimelala juu yake. Tuseme nimejilaza. Limenishika kila mahali panapostahili kushikwa. Ni godoro bora kuliko yote niliyopata kuyalalia, na mimi nimelalia yote. Mke wangu alipitiwa mara moja, usingizi wake mzito wa kwanza tangu sijui lini. Mimi macho makavu. Mtu niliyelala mbele za wateja mchana kweupe, kelele za mashine, jua usoni, leo siwezi kulala kwangu!

Kabla hajapitiwa, mke wangu alisema kitu. Nilidhani atanigombeza, nikajikunja. Akasema, "Ulikuwa na mahali pamoja duniani ulipopendwa ukiwa umelala tu. Na hata hapo ukaona ujitaabishe."

Nimeligeuza neno hilo upande wa kulia na wa kushoto. Halina pa kushikia.

Jumatatu, 16 Juni

Leo ndiyo ingekuwa siku ya mwisho ya notisi. Nilipita dukani, upande wa pili wa barabara, nimejificha nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli mpaka akaniuliza kama nina shida naye. Dukani kimya. Shemeji hakuwepo mbele. Kitanda cha kulalia wateja kitupu, shuka limevutwa vizuri, hakuna wa kulikunja.

Bahasha nimempa mke wangu yote. Hakuamini, akaipindua kuona kama kuna nyingine.

Jioni tulikaa kikao, yeye, mpwa na mimi. Mpwa akasema kesho niende nikaombe msamaha. Nikasema vizuri, nimeshatunga hotuba: nitaanza na godoro la kwanza, mvua, radi... Wakasema hapana kwa pamoja, kama kwaya. Maneno mawili tu. "Nisamehe, mama." Halafu ninyamaze. Nikauliza ninyamaze kwa muda gani. Mpwa akasema mpaka niambiwe niseme. Tukafanya mazoezi. Mara ya kwanza niliteleza nikaongeza mbwa mwitu. Mara ya sita nikaweza.

Mke wangu atanisindikiza. Anasema ataniminya.

Jumanne, 17 Juni

Nimeweza!

Tulimkuta Mama Sponji mbele ya duka anafagia. Nikasema nisamehe, mama. Nikanyamaza. Kimya kile! Magari matano yalipita. Neno "radi" lilifika kabisa kwenye meno. Mke wangu akaniminya. Nikalimeza.

Mama Sponji aliegemea fagio. Akaniangalia mgongo kwanza, kisha macho. Akasema alilia kwa ajili yangu usiku mzima wa Ijumaa, na hilo hatalisahau upesi. Nikaitikia kwa kichwa. Ni kweli, hata mimi sitalisahau. Machozi yalinitoka, ya kweli, nikayafuta kwa kofia. Akamwona mke wangu, akashusha pumzi. Akasema mkataba hakuna. Umekwisha, umelipwa, umesainiwa. Lakini kitanda ni kitupu, na shemeji ameapa hatalala tena. Basi nije kesho kama kibarua, wiki moja ya majaribio. Nilale, nieleze, nisikorome, nisipinde. Mwisho wa wiki akiridhika, tutazungumza habari ya kurudi. Kwa sasa hawezi kuahidi mshahara, ila hataniacha mikono mitupu. Atanipa kifuta jasho.

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa dhati. Njia nzima nilikuwa najisemea: Mjomba, umefundishwa, umefundishika. Hakuna hila tena. Hakuna viwango. Nimesimama kwenye mlango wa nyumba yangu nikavuta pumzi ya mtu mpya. Tulipokuwa tunaondoka dukani shemeji alinipungia mkono kutoka dirisha la karakana, nami nikampungia. Nimeamua kumnunulia soksi.

Ni usiku sasa. Wamelala wote. Mimi nimekaa kitandani, juu ya maua ya buluu, nikilirudia lile neno la mwisho la Mama Sponji.

Kifuta jasho.

Kifuta. Jasho.

Hapana, mimi sitafuti lolote. Nafikiri tu. Kiinua mgongo kumbe huhesabiwa kwa miaka, sawa, nilikosea, hata msomi hukosea mara moja. Lakini hili halina miaka ndani yake. Ni wiki moja tu! Sasa litahesabiwa kwa nini kingine? Kiswahili hakidanganyi. Na mimi kwa kawaida sitoki jasho. Mtu anayelala kutwa kwenye kivuli, juu ya sponji, jasho atalitoa wapi? Nitapewa hela ya leso.

Nimeshusha koti langu la sufu la harusi kutoka juu ya kabati. Linanukia dawa ya nondo lakini vifungo vyote vipo. Ndani nitavaa mashati mawili. Mpwa amesikia kabati likilia, amekuja kuuliza koti la nini na joto hili. Nikamwambia akalale, uuguzi haufundishi Kiswahili.

Kesho asubuhi naanzia godoro jeupe la dirishani, lile linalopigwa na jua, mahali ambapo Mama Sponji ataniona vizuri.